Kidole Changu Kule Louisville

Kilichonivuta uwanjani mara ya kwanza hakikuwa mchezo. Ilikuwa harufu ya makumbi. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa tano, nadhani mwaka 2013, nami nilikuwa nakatisha bustani ya mji kwa miguu kurudi nyumbani, mitaa miwili kutoka Grant Street, hapa Buffalo. Wanaume wanne walikuwa wanakunjua mkeka mrefu juu ya nyasi. Ulikuwa umesukwa kwa kamba za makumbi ya nazi, mzito, wa rangi ya udongo, na ulikuwa umelala stoo majira yote ya baridi. Mama yangu alisokota kamba za namna hiyo Tanga mpaka viganja vyake vikawa vigumu kama kwato. Nilisimama njiani nikanusa, na sikuondoka.

"Ukingo huu unafumuka," niliwaambia kwa Kiingereza changu cha shule.

Mzee mmoja mrefu mwenye kofia nyeupe aligeuka. "Unaijua kazi hii?"

"Naijua."

"Basi mbona umesimama?"

Huyo alikuwa nahodha wa klabu. Alitoka Gayana akiwa kijana, akaendesha basi la mji kwa miaka mingi, akastaafu, na wakati ule alikuwa anaishi peke yake Lackawanna. Klabu yake ilikuwa ya watu wa visiwa vya Karibi: Jamaika, Barbados, Trinidad, na Wagayana ambao nchi yao si kisiwa lakini hakuna aliyewaacha wasahau kwamba wanahesabiwa humo. Walicheza kriketi kila Jumapili kuanzia Mei hadi Septemba. Mkeka ule ulitandikwa katikati ya uwanja, ukapigiliwa misumari mirefu pembeni, na mpira ukadunda juu yake, kwa kuwa nyasi za bustani zilikuwa na mabonde.

Jumapili iliyofuata nilikwenda na sindano ya kushonea magunia. Nilishona ukingo wote. Nilipomaliza nilikaa kuangalia, nikawaambia kwamba baada ya kidato cha nne nilifanya kazi miaka mitatu katika klabu ya Wahindi pale Tanga, nikitandika mikeka kama hiyo na kuandika hesabu za mchezo ubaoni. Hawakuamini mpaka nahodha aliponiuliza maswali matatu ya sheria, nikayajibu yote.

Kumbe walikuwa na shida. Mjamaika hakumwamini mwamuzi wa Barbados, na mtu wa Barbados hakumwamini mwamuzi yeyote.

"Huyu hana kisiwa," nahodha alisema. "Mpeni koti."

Ndivyo nilivyovaa koti jeupe la mwamuzi nikiwa na miaka sitini na minne. Mfukoni niliweka vijiwe sita. Mrushaji anarusha mpira mara sita kwa zamu, na mwamuzi anahamisha kijiwe kimoja kutoka mkono mmoja kwenda mwingine kila mpira unaporushwa, asije akapoteza hesabu.

Mke wangu alicheka sana. "Umevuka bahari kuja kusimama juani na koti? Si ungebaki kwenu ukasimama bure?"

Lakini Jumapili ya tatu alikuja na beseni la sambusa. Mechi moja huchukua mchana mzima, na katikati yake kuna mapumziko ya chai. Wanawake wa visiwani walileta mbuzi wa mchuzi na mikate waliyoiita roti. Mke wangu aliigeuza mikononi, akasema hiyo ni chapati na tena haikukandwa vya kutosha. Mwanamke wa Gayana aliyeitengeneza alimwambia aje wiki ijayo na ya kwake, watu waonje. Walioneshana chapati majira yote ya joto, na hakuna aliyekubali kushindwa.

Watu wetu walianza kuja kidogo kidogo. Kwanza Warundi waliokulia kwenye kambi za Tanzania, kisha Wakongo wa milima ya Kivu ya Kusini, wakitoka kanisani na watoto wao na viti vya kukunja. Uwanja ulikuwa karibu, mtu anafika kwa miguu. Watoto walipiga mpira wao wa miguu upande wa pili, mbali na mkeka, hilo lilikuwa sharti la nahodha. Wazazi walikaa kivulini. Wengi hawakuujua mchezo hata kidogo.

"Mzee, hii ni mchezo gani?" aliniuliza jirani yetu wa ghorofa ya chini, mama wa Kikongo, mjane mwenye watoto wanne. "Batu banasimama tu. Banangoja bisi?"

"Wanacheza, mama."

"Bon. Kama hiyo ni kucheza, mimi niko bingwa. Ninasimama kila siku asubuhi pale stendi."

Na kweli alisimama. Alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee upande wa Lackawanna, mabasi mawili kwenda na mabasi mawili kurudi, kiangazi na theluji. Nahodha alitusikia tukicheka, akauliza anasema nini, nikamfasiria. Alifikiri kidogo, akasema, "Mwambie nimeendesha basi hilo hilo. Anaweza kujifunza gari."

Tangu siku hiyo, timu yetu ilipokuwa inapiga na nahodha anangoja zamu yake, alimfundisha yule mama kuendesha gari kwenye maegesho ya bustani. Zamu yake ilikuwa ya mwisho mwisho, hivyo muda ulikuwepo. Alikaa kiti cha abiria akiwa tayari amefunga pedi zake nyeupe za miguuni, na magoti hayakupinda vizuri, akawa kama mtu aliyewekewa magogo. Mama alizunguka maegesho kwa mwendo wa kobe. Mimi nikiwa katikati ya uwanja nilisikia breki zake.

Mambo kama hayo yalikuwa mengi. Mtu wa Barbados aliyesimamia ghala aliwaingiza Warundi watano kazini. Gari kubwa la klabu lilihamisha makabati ya familia zetu kutoka nyumba hadi nyumba. Mtu wetu alipofiwa huko kwao, uwanjani ndiko alikopewa pole, kwa lugha tatu. Hakuna aliyepanga. Watu walikaa mahali pamoja kwa saa sita kila wiki, na katika saa sita maneno hutoka.

Mwaka wa tatu, makamu wa nahodha alileta wazo. Alikuwa mtu wa Trinidad, miaka thelathini na kitu, mhandisi wa kompyuta, anakaa Amherst na familia yake. Kule Amherst kulikuwa na uwanja wa kukodi: kiwanja sawa, kipande cha katikati kimesakafiwa, vyoo, vyumba vya kubadilishia nguo. Hakuna mkeka wa kubeba. Wachezaji vijana karibu wote walikaa upande huo na wote walikuwa na magari.

"Na watu wa Grant Street?" nahodha aliuliza.

"Watakuja."

"Na nini?"

Makamu hakuwa mtu mbaya, na nasema hivyo kwa kuwa wengine baadaye walimsema vibaya. Alitaka klabu icheze vizuri. Alisema klabu ya kriketi ni ya kriketi. Nahodha alisema maadamu kofia iko kichwani kwake, mkeka utatandikwa palepale. Jambo likawa la kofia basi, nani ataivaa mwaka ujao.

Wikendi ya sikukuu ya wafanyakazi, mwanzoni mwa Septemba, tulisafiri kama kila mwaka: Jumamosi kucheza Columbus, Jumapili Louisville. Columbus tulishindwa. Nahodha alipata mikimbio minne tu, kisha mpira ukaangusha vijiti vilivyo nyuma yake, akatoka. Jioni tulikula katika mkahawa wa Wasomali, na vijana wakaanza.

"Nahodha, ulikuwa unangoja abiria washuke?"

"Kituo cha mwisho, jamani, kila mtu ateremke!"

Nahodha alicheka nao. Halafu akaweka kijiko chini. "Kesho nitafikisha mikimbio thelathini. Nikikosa, makamu achukue kofia na mwende zenu Amherst."

"Unasema kweli?" makamu aliuliza.

"Mwamuzi amesikia," alisema, akinielekezea kijiko. "Yeye hana kisiwa."

Nilisikia. Kila mtu mezani alijua uzito wa maneno yale, lakini nadhani mimi niliujua kuliko wote. Wiki iliyotangulia yule mama alikuwa amefaulu kuegesha gari kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameniambia, "Mzee, majira ya joto moja tena, bon, njo nitaenda kwa mtihani."

Louisville kulikuwa na joto la kunata, na wenyeji nao walicheza juu ya mkeka kama wetu. Wenyeji walitoa mwamuzi mmoja, nasi mmoja, yaani mimi. Nahodha aliingia mapema kuliko kawaida kwa sababu wenzake walitoka haraka, na alicheza kama mtu aliyelala vizuri. Kumi. Kumi na tano. Mara mbili mpira ulimpiga mguuni wakapiga kelele atolewe, na mara zote mbili nilikataa, nikiwa na uhakika, kwa sababu mguu ni kosa tu ukizuia mpira unaokwenda kwenye vijiti, na huo ulikuwa unapita pembeni.

Wenyeji hawakupenda. Mama mmoja mnene chini ya mwavuli, mke wa mchezaji wao mmoja, alikuwa na sauti ya kufika kila pembe.

"Mwamuzi! Huyo ni shemeji yako?"

Watu wakacheka.

"Mpeni miwani, mpeni na sahani ya chakula, pengine njaa ndiyo inamtesa!"

Mrushaji wao naye alinipita akanung'unika, si kwa sauti kubwa, "Umekuja naye kwenye gari moja, unategemea nini." Nilihamisha kijiwe mkononi. Lakini maneno yale yaliniingia. Kwa miaka mitatu sifa yangu yote pale klabuni ilikuwa moja, kwamba sina upande. Nilianza kuona haya ya kosa ambalo sikuwa nimelifanya.

Nahodha alifika ishirini na sita. Mrushaji alikimbia kutoka upande wangu. Nami, wakati anakimbia, nilitazama kiganja changu, kwa sababu sikukumbuka kama nilikuwa nimehamisha kijiwe cha nne. Niliviangalia vijiwe. Nilipoinua macho mpira ulikuwa tayari umempita nahodha, umo mikononi mwa mlinda vijiti aliye nyuma yake. Nilikuwa nimesikia mlio mdogo, tak. Kama gongo limeugusa mpira kabla ya kudakwa, mpigaji ametoka, na mwamuzi huinua kidole. Mrushaji aligeuka mikono juu akinipigia kelele usoni, na walio pembeni nao wakapiga kelele.

Niliinua kidole.

Sikuwa nimeona. Nilitaka wajue kwamba naweza kumtoa mtu wa gari langu.

Halafu, katika muda wa kuvuta pumzi mbili hivi, nikaona mambo mawili niliyopaswa kuyaona kwanza. Mlinda vijiti wao, aliyekuwa karibu kuliko watu wote, hakuwa amepiga kelele. Alikuwa ameshika mpira na anatazama chini. Na nahodha alikuwa amesimama. Hilo ndilo kubwa. Katika klabu yetu yeye ndiye aliyefundisha watu kwamba ukijua umeugusa mpira ukadakwa, unaondoka mwenyewe, humngoji mwamuzi. Miaka yote ile hakuwahi kungoja kidole changu. Akigusa, alikuwa ameshaanza kutembea kabla hata wapinzani hawajafurahi. Safari hii alisimama. Mlio ule ulikuwa wa gongo kugonga ukingo wa mkeka. Mimi, mshonaji wa mikeka, sikuutambua.

Sheria inamruhusu mwamuzi kubadili neno lake, mradi afanye upesi. Ninaijua sheria hiyo, ilikuwa moja ya yale maswali matatu.

Nahodha alinitazama mara moja. Aliweka gongo kwapani, akavua glavu, akaanza kutembea. Alitembea polepole sana. Alisimama kuinama na kukaza kamba ya pedi, ambayo haikuwa na haja ya kukazwa kwa mtu anayekwenda kuivua. Akaendelea. Nilijiambia ni magoti. Mikononi nilikuwa na vijiwe vitatu huku na vitatu kule. Alivuka kamba ya mpaka wa uwanja. Basi.

"Sasa hapo!" aliita yule mama wa mwavuli. "Mwamuzi ni mtu wa haki, nimemsamehe!"

Tulishinda mechi ile. Makamu alipata mikimbio mingi, na wenyeji walikuja kunishika mkono. Mrushaji wao alisema hajawahi kumwona mwamuzi wa wageni mwenye moyo kama wangu. Niliipokea sifa ile na kupokea sahani.

Katika safari ya kurudi, Jumatatu alfajiri, nahodha aliendesha saa za mwanzo na za mwisho. Mimi nilikaa kando yake, kwenye kiti cha abiria. Alizungumza habari za barabara, habari za mahindi yaliyokauka mashambani, habari za chapati ya mke wangu, kwamba ndiyo bora lakini asije akaambiwa. Saa tano nzima alinipa nafasi ya kusema, ingawa wakati ule sikuiona hivyo. Buffalo tulifika alasiri. Alipolisimamisha gari mbele ya nyumba yetu alivua kofia, akampa makamu aliyekuwa kiti cha nyuma. "Weka mbali na jua," alimwambia. "Inapauka."

Nilimwambia mke wangu jioni ileile, tukiwa tunakunja nguo.

"Umemwambia mwenyewe?"

"Bado."

"Basi mimi unaniambia ya nini? Mimi ndiye niliyetolewa?"

Majira yaliyofuata klabu ilihamia Amherst. Mkeka haukuhitajika, wakaniletea nyumbani niutunze, nikauweka chini ya ngazi. Jumapili ya kwanza Warundi wawili walikwenda kwa lifti, na mke wangu na mimi tulikwenda kwa gari letu bovu. Sambusa zilirudi nusu beseni. Jumapili ya tatu tulikwenda peke yetu, na ya nne mke wangu alisema ana nguo za kufua. Kule bustanini nyasi ziliota pale palipokuwa mkeka. Watu wetu walibaki majumbani, kila mmoja na simu yake. Nahodha alikwenda Amherst mara mbili, akakaa kwenye kiti kama mgeni, kisha akaacha.

Yule mama aliuliza mara moja tu. "Mzee, mwalimu wangu ya gari alienda wapi?"

Nilimwambia klabu imehama. Ilikuwa kweli, na ilikuwa njia ya kukwepa kweli. Mwezi wa kumi na mbili nilimwona stendi alfajiri, theluji imemfika juu ya viatu, amejifunga kitenge juu ya koti. Alinipungia mkono. Nilikuwa ndani ya gari langu, nikielekea upande mwingine.

Wiki ile nilikwenda Lackawanna.

Nahodha alinifungulia mlango akiwa amevaa soksi tu. Nyumba ilikuwa na joto, na juu ya meza kulikuwa na kahawa aliyokuwa ameshaanza kuinywa. Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, na kofia yangu ya baridi mkononi: kwamba sikuona mpira, kwamba nilikuwa naangalia vijiwe, kwamba niliinua kidole ili wenyeji wanione mtu wa haki, na kwamba nilijua kosa langu kabla hajafika hatua ya tano.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilitembea polepole," alisema. "Hukuona?"

"Nilidhani ni magoti."

"Magoti yangu yalikuwa mazima siku ile. Nilikuwa nakungoja. Nilifunga hata kamba ya pedi." Alikunywa kahawa. "Nilipofika kwenye mpaka nikasema, basi, amekataa."

"Mbona hukusema kitu? Hata ndani ya gari?"

"Kazi ya kusema ilikuwa yangu?"

Nilimwambia nitakwenda kumweleza makamu. Akasema kama nataka. Baadaye nilikwenda kweli, na makamu alinisikiliza kwa heshima, akasema, "Anko, pengine tungehama tu, mwaka ule au unaofuata." Huenda. Najua watu wangependa niishike kauli hiyo, nami nimeijaribu. Lakini mwaka mmoja ungemtosha yule mama.

Nahodha mwenyewe ndiye aliyemtaja, siku ile pale Lackawanna, nikiwa tayari nimeshika kitasa.

"Mama yule wa Kongo, alipata leseni?"

"Bado."

"Anakuja kwa basi mpaka leo?"

"Mawili."

Alisema macho yake hayamruhusu tena kufundisha, daktari amemkataza kuendesha mbali. Halafu akauliza, "Wewe una leseni?"

"Ninayo."

"Una gari?"

"Bovu, lakini linatembea."

"Basi unangoja nani akuinulie kidole?"

Hakucheka. Alifungua mlango mwenyewe, baridi ikaingia, nikatoka.

Theluji ilipoyeyuka tulianza, mimi na yule mama, Jumapili baada ya kanisa, kwenye maegesho yaleyale ya bustani. Mimi si mwalimu mzuri. Naogopa, nakanyaga breki ambayo haipo upande wangu. Mtihani wa kwanza alishindwa, na wa pili akashindwa kwa jambo dogo la kioo. Alisema yule mwalimu wa kwanza alikuwa hapigi kelele, nikamwambia ni kweli.

Siku moja ya mwezi wa tano alikuwa anarudi nyuma taratibu kati ya mistari miwili, nami nikawa natazama uwanjani. Palikuwa hakuna mtu. Ungeweza bado kupaona mahali pa mkeka, kwa sababu nyasi za pale zilikuwa na kijani tofauti, ukanda mwembamba mrefu. Gari lilisimama kwa mshtuko.

"Mzee! Unaangalia wapi?"

"Samahani, mama."

"Angalia nyuma yangu. Mimi ninaendesha, donc ni wewe unapaswa kuona."

Niligeuza shingo nikaangalia nyuma. Nikamwambia njia ni nyeupe, arudi tena, polepole.